Mgeni Aliyekuja na Jembe Lake

Udukuzi uliowatikisa wataalamu wa usalama wa kompyuta kuliko karibu mwingine wowote katika miaka hii ya karibuni haukumwibia mtu hata shilingi moja. Hakuna benki iliyofungwa, hakuna hospitali iliyodaiwa kikombozi. Ulinaswa ukiwa bado kizingitini. Pengine ndiyo maana nje ya duru za mafundi haukuzungumzwa sana, na Ijumaa Kuu ile ya tarehe 29 Machi 2024 watu wengi walikuwa na shughuli nyingine. Nimeamua kuurudia kwa sababu kila unapotajwa hutolewa mafunzo mawili, na kwa maoni yangu yote mawili ni ya uongo.

Tuanze na kitu chenyewe. XZ Utils ni programu ndogo ya kubana mafaili ili yachukue nafasi kidogo. Haina kitufe cha kubonyeza wala tangazo la barabarani. Lakini kompyuta inayoendeshwa na Linux, na seva nyingi za intaneti duniani zinaendeshwa na Linux, karibu kila mara inayo. Mtunzaji wake ni Lasse Collin wa Finland, ambaye kwa miaka mingi aliifanya kazi hiyo bila mshahara, katika muda wake wa ziada. Makampuni makubwa kuliko bajeti za nchi zetu yaliitumia bila kumlipa, na kisheria hayakukosea. Programu huria hutolewa hivyo: chukua, tumia, rekebisha, mgawie mwenzio.

Mwaka 2021 ikafunguliwa akaunti kwa jina la Jia Tan. Oktoba mwaka huo mwenye akaunti akatuma rekebisho lake la kwanza kwa XZ, dogo, lisilo na ubaya. Akatuma jingine, kisha jingine. Yalikuwa mazuri. Nalisisitiza hili kwa sababu wanaosimulia kisa hiki humchora kama nyoka tangu siku ya kwanza, ilhali waliopekua kazi zake baadaye walikuta sehemu kubwa ni kazi halali, ya mtu anayejua anachofanya na mwenye subira ya kujibu maswali kwa adabu.

Kati ya Aprili na Juni 2022 yakaanza makelele. Watu wawili waliojiita Jigar Kumar na Dennis Ens, ambao hakuna aliyewahi kuwasikia, walianza kumwandikia Collin hadharani. Mbona marekebisho yanakaa muda mrefu bila kupokelewa? Mbona toleo jipya halitoki? Kama amechoka, kwa nini asimpishe mwingine? Collin alijibu kwa upole kwamba ana matatizo ya afya ya muda mrefu, kwamba kazi hii ni ya kujitolea isiyo na malipo, na kwamba huenda Jia Tan akapewa nafasi kubwa zaidi huko mbele. Hata hapo hawakumwacha. Mmoja wao alimpa pole, na katika barua hiyohiyo akamkumbusha kuwa watumiaji wanataka zaidi ya anachoweza kuwapa. Walipopata walichotaka, wote wawili walinyamaza.

Wahenga wametufundisha kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alikuja na jembe lake mwenyewe, akalima vizuri, na wakati anaendelea kulima wakajitokeza majirani uani, ambao dalili zote zinaonyesha aliwatuma yeye au waliomtuma yeye, wakipaza sauti: mzee, shamba limekushinda, mwachie kijana. Ni mwenyeji gani mgonjwa, aliye peke yake, angekataa?

Kufikia 2023 Jia Tan alikuwa na mamlaka ya kuingiza msimbo na kutoa matoleo. Machi mwaka huo, anwani iliyokuwa ikipokea taarifa za hitilafu kutoka kwenye mtambo wa Google unaopima programu huria kwa kuzilisha data mbovu ikabadilishwa ikawa yake. Julai akaomba mtambo huo usipime kipengele kimoja cha XZ, kipengele kilekile ambacho hila yake ingekuja kukitegemea. Hakuna aliyeshtuka. Ombi lilikuwa na maelezo ya kiufundi yenye kuridhisha, na lilitoka kwa mtunzaji.

Mlango wa uani wenyewe, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta, uliingia na toleo 5.6.0 la tarehe 24 Februari 2024, ukaboreshwa katika toleo 5.6.1 la tarehe 9 Machi. Ufundi wake unastahili kuangaliwa taratibu. Programu ya kubana mafaili lazima iwe na mafaili ya majaribio, na baadhi yake huharibiwa makusudi ili kuona kama itastahimili. Nani atachungulia ndani ya faili lililoandikwa kwamba limeharibika? Humo ndimo sumu ilimofichwa. Peke yake haikuweza kufanya lolote. Ilihitaji hati fupi ya kuiamsha wakati programu inajengwa, na hati hiyo haikuwekwa kwenye ghala la wazi ambako yeyote angeweza kuisoma. Ilitiwa ndani ya kifurushi kilichoandaliwa kwa ajili ya wasambazaji wa Linux. Aliyesoma ghala aliliona safi, na aliyejenga kutoka kwenye kifurushi alijenga pamoja na sumu.

Na shabaha haikuwa XZ. Ilikuwa OpenSSH, programu ambayo mafundi huitumia kuingia kwenye seva iliyo mbali, awe Nairobi na seva iwe Frankfurt. OpenSSH yenyewe haiitumii XZ hata kidogo. Ila Debian, Fedora na wasambazaji wengine kadhaa walikuwa wameiongezea kiraka ili iweze kuwasiliana na systemd, programu inayosimamia huduma nyingine zote kompyuta inapowaka. Kiraka kikaivuta maktaba ya systemd, nayo ikaivuta liblzma, ambayo ndiyo moyo wa XZ. Jia Tan aliufuata mlolongo huo kutoka mkiani hadi kichwani. Kazi ilipokamilika, mwenye ufunguo maalumu wa siri angeweza kuiamrisha seva kabla haijamuuliza nywila. Ni yeye tu. Kibaka wa mtandaoni angeugundua mlango huo na bado asingeweza kuufungua, jambo linalokwambia kitu kuhusu aliyeutengeneza.

Kuna kijambo kingine ambacho hunisisimua kila nikikisoma. Katika hati mojawapo ya kujengea programu, Jia Tan aliingiza nukta moja. Nukta tu, kwenye mstari ambako haikutakiwa. Kazi ya kipande kile cha msimbo ilikuwa kupima kama kompyuta inao uzio wa usalama uitwao Landlock. Kwa sababu ya nukta, kipimo kilishindwa kila mara, na mfumo ukahitimisha kwamba uzio haupo, ukaendelea bila huo. Ukikisoma kipande kile kwa macho yaliyochoka, utaidhani nukta ile ni vumbi la kioo.

Mwisho wa Machi, Debian ya majaribio, Fedora 40 iliyokuwa bado jikoni, openSUSE Tumbleweed na Kali zilikwisha kuipokea XZ hiyo. Matoleo ya kudumu, yale yanayowekwa kwenye seva za benki na wizara, yalikuwa bado. Tarehe 28 Machi Jia Tan alifungua ombi la kuiingiza katika Ubuntu 24.04, toleo la kutumika kwa miaka mingi ambalo lilikuwa litoke Aprili.

Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayejulikana zaidi kwa kazi yake kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, hakuwa akiwinda wadukuzi. Alikuwa akipima kasi, na alitaka kompyuta yake itulie. Ikawa haitulii. Michakato ya SSH ilikuwa inakula nguvu za kichakataji kupita kiasi, hata pale ambapo waliojaribu kuingia walikataliwa papo hapo kwa kutumia majina yasiyokuwapo. Akapima: jambo lililokuwa likichukua sekunde 0.299 sasa lilichukua 0.807. Wengi wetu nusu sekunde hiyo tungeilaumu intaneti, tukaenda kunywa chai. Freund alikumbuka kwamba wiki kadhaa nyuma, baada ya kusasisha vifurushi, chombo cha kukagua matumizi ya kumbukumbu kilikuwa kimetoa malalamiko yasiyoeleweka. Akafukua. Tarehe 29 Machi akatangaza alichokikuta, nacho kikasajiliwa kama CVE-2024-3094 na kupewa alama 10 kati ya 10 kwa hatari. Ubuntu wakasogeza toleo lao la beta kwa wiki moja, wakajenga upya vifurushi vyote vya toleo hilo vilivyojengwa tangu msimbo huo uingizwe kwenye XZ.

Sasa nije kwenye mafunzo hayo mawili.

La kwanza husemwa na wauzaji wa programu za kulipia: mmeona, programu huria ni hatari, yeyote anaweza kuingiza chochote. Msikilize mtu huyo, kisha mkumbushe kampuni ya SolarWinds. Orion, programu yao ya kusimamia mitandao, haikuwa huria. Ilikuwa na kampuni, wanasheria na wafanyakazi wenye mishahara. Mwaka 2020 wadukuzi waliingiza mlango wa uani katika masasisho yake, takriban wateja 18,000 wakayapokea, zikiwamo wizara za serikali ya Marekani, na haikujulikana hadi Desemba, miezi tisa hivi baada ya masasisho hayo kuanza kusambazwa mwezi Machi. Aliyegundua ni kampuni ya usalama ya FireEye, na iligundua kwa sababu yenyewe ilikuwa imeibiwa. Aprili 2021 serikali ya Marekani ikailaumu rasmi idara ya ujasusi wa nje ya Urusi. Mlango wa XZ ulikaa wiki tano.

La pili husemwa na mashabiki wa programu huria, na mimi ni mmoja wao, kwa hiyo linaniudhi zaidi. Wao husema: mmeona, msimbo ukiwa wazi macho mengi huukagua, na mwizi hukamatwa. Macho yapi? Hakuna aliyeigundua hila hii kwa kusoma msimbo. Nukta ilikaa pale, mafaili mabovu yalikaa pale, na kilichofichua ni saa ya kupimia kasi mikononi mwa mtu mwenye wasiwasi wa kitaaluma. Uwazi ulifaa baadaye. Freund alipotilia shaka aliweza kufungua kila kitu na kufuata uzi hadi mwisho bila kumwomba mtu kibali, na ndani ya siku chache mafundi wa nchi mbalimbali walikuwa wameichambua hila hiyo kipande kwa kipande. Lakini kugundua kwenyewe kulikuwa bahati, na usalama wa intaneti hauwezi kupangwa kwa kutegemea kwamba kuna Freund mahali fulani hajalala.

Palipobomolewa ni mahali ambapo mafunzo yote mawili hayagusi: mtu mmoja, aliyechoka, asiyelipwa, amebeba kitu ambacho dunia nzima imekalia. Jia Tan hakuhitaji kuvunja usimbaji fiche wowote. Alihitaji kumchosha Lasse Collin zaidi kidogo kuliko alivyokuwa amechoka, kisha ajitolee kumsaidia.

Wala hili halikuwa geni. Mwaka 2014 lilipofichuka tundu la Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya siri ya sehemu kubwa ya tovuti, ilijulikana kwamba mradi huo ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Mwaka 2018 Dominic Tarr, aliyekuwa hana tena haja na programu yake ya event-stream, alimkabidhi mgeni aliyejitolea kuitunza, na mgeni akaingiza msimbo wa kuiba kutoka pochi za bitikoini za Copay. Na Januari 2022, baada ya tundu katika programu huria ya Log4j kuwatia watu kiwewe, kampuni moja kubwa ilimwandikia Daniel Stenberg, mtunzaji wa programu huria ya curl, ikimtaka ajibu orodha ya maswali kuhusu Log4j ndani ya saa 24. Curl haitumii Log4j. Kampuni haikuwa imemlipa Stenberg chochote. Aliwajibu kwamba atafurahi kujibu wakishasaini mkataba wa huduma.

Barua ile inanichekesha na kunikasirisha kwa pamoja, kwa sababu inaonyesha makampuni yanavyomwona mtunzaji: kama mgavi aliyechelewesha mzigo. Lugha ya Jigar Kumar na Dennis Ens ilikuwa lugha hiyohiyo. Hawakulazimika kubuni namna mpya ya kumsumbua mtu. Waliazima ile ambayo watumiaji halali huitumia kila siku, na ndiyo maana haikumshtua yeyote. Mtindo wenyewe haukufa nao. Aprili 2024 mashirika ya OpenJS na OpenSSF yalitahadharisha kwamba barua za aina hiyo, za watu wasiojulikana wanaoomba kufanywa watunzaji, zilikuwa zimepelekwa kwa OpenJS kuhusu mradi wake mmoja wa JavaScript.

Je, Jia Tan ni nani? Jina lina sura ya Asia ya Mashariki, na saa zilizoandikwa kwenye kazi zake nyingi ni za ukanda wa China. Lakini saa hizo huandikwa na kompyuta ya mwandishi mwenyewe, na chache zilizoponyoka zilionyesha ukanda wa Ulaya ya Mashariki. Baadhi wakaona amefanya kazi siku za sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina. Yote haya ni dalili, na jasusi mzuri hupanda dalili kama mkulima anavyopanda mbegu. Mimi naamini ilikuwa kazi ya dola, kwa sababu ya gharama na subira: zaidi ya miaka miwili ya kazi nzuri ili kupata mlango ambao mtu mmoja tu ana ufunguo wake. Dola ipi, hakuna ushahidi, na wanaokwambia wanajua wanakuuzia kitu.

Hapa siasa inaingia, na inaingia upande unaotuhusu. Baada ya XZ walisikika wenye kutaka kila mchangiaji aonyeshe kitambulisho, asikubaliwe mtu asiyejulikana sura. Oktoba 2024, kwa sababu nyingine kabisa, majina ya watunzaji kadhaa wa Kirusi yaliondolewa kwenye orodha ya watunzaji wa kiini cha Linux ili kutii vikwazo vya kiuchumi dhidi ya Urusi, na Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaunga mkono. Sitetei vita vya Moscow. Naona tu upepo unakoelekea: uaminifu unaanza kupimwa kwa pasipoti.

Kipimo hicho kingemzuia Jia Tan? Shirika la ujasusi linatengeneza pasipoti mchana kweupe. Kingemzuia binti wa Mwanza au kijana wa Goma anayejifunza kwa simu na kompyuta ya kuazima, ambaye jina lake halimwambii kitu mtunzaji wa Helsinki, na ambaye njia yake pekee ya kuaminika ni ileile aliyoitumia Jia Tan: tuma rekebisho dogo, lifanye vizuri, tuma jingine. Njia hiyo tukiifunga tutakuwa tumewaadhibu wasiohusika. Cha kufanya ni kuhakikisha kwamba hakuna mtu mmoja, awe mgeni au mwenyeji, anayeweza kutoa toleo bila wengine kulikagua, na kwamba vifurushi vinajengwa kutoka kwenye ghala lililo wazi, si kutoka kwenye mkoba wa mtu. Ukaguzi huo ni kazi ya watu, na watu hula.

Wapo waliolielewa hilo mapema. Ujerumani ilianzisha mfuko wa serikali uitwao Sovereign Tech Fund mwaka 2022, unaolipa watunzaji wa programu huria za msingi. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria ya ustahimilivu wa mtandao iliyopata nguvu ya kisheria tarehe 10 Desemba 2024, na ambayo masharti yake makuu yataanza kubana Desemba 2027: mwenye kuuza bidhaa atawajibika kwa usalama wa vilivyomo ndani yake, zikiwamo programu huria alizozichukua bure, na anayejitolea bila biashara hatabebeshwa mzigo huo. Nina mashaka na urasimu wa Brussels, lakini msingi huo ni wa haki. Anayepata faida ndiye abebe.

Kwetu Afrika Mashariki huduma za simu, malipo, na serikali mtandao zimejengwa juu ya msingi huohuo. Ukifungua zabuni ya TEHAMA ya taasisi ya kawaida utakuta leseni, mitambo, mafunzo na posho za safari. Fungu la watunzaji wa programu huria ni nadra kulikuta, na ukilitaja kikaoni utaulizwa kwa nini tulipie kitu cha bure.

Kwa hiyo wewe unayesaini bajeti hizo, nakuomba mambo mawili. Mwambie mgavi wako akuletee orodha kamili ya programu zilizomo ndani ya mfumo aliokuuzia, pamoja na zile zilizovutwa na nyingine. Akishindwa, hajui alichokuuzia. Kisha waruhusu mafundi wako watumie sehemu ya saa za kazi, zenye malipo, kukagua na kurekebisha zile mnazozitegemea zaidi, na warudishe marekebisho yao zilikotoka. Katika orodha hiyo itafute XZ. Utaikuta, na anayeitunza ni Lasse Collin, aliyetoa toleo 5.6.2 lililosafishwa tarehe 29 Mei 2024.